Dume la Masanja

Kabula mwanangu,

Umeondoka hapa saa tisa kwenda mjini kuwaaga wenzako wa kwaya, na umeniacha na pikipiki yako kama mlinzi wa ghala. Mama yako yuko jikoni anakufungia michembe ya viazi vikavu, na kila akipita mlangoni ananitazama. Nitakueleza baadaye kwa nini ananitazama. Barua hii nimeshaianza mara mbili nikaichana, kwa sababu mara zote mbili ilijaa maagizo. Habari za kuchemsha maji, za chandarua, za kuwasalimia majirani kabla hawajakusalimia, mama yako anakupa tangu Jumatatu na naona zimekutosha. Mimi nina jambo moja tu, na ni mwoga wa kulianza, kwa hiyo nitazunguka kidogo. Univumilie. Wewe mwenyewe husema baba yako akitumwa chumvi hurudi na habari za kijiji kizima, na chumvi ameisahau.

Nianze na siku ulipoileta pikipiki hii. Kuku wote walihama uani. Sijawahi kuona pikipiki ndefu namna ile ikiingia kwenye boma letu hapa Ntalikwa. Ulipotaka kusimama, vidole vya mguu ndivyo pekee vilivyofika chini, na kabla sijasema lolote ikakulalia taratibu mbele ya banda la mbuzi. Tuliinyanyua watatu, mama yako akiwa bado ameshika mwiko. Akakuuliza, "Kabula, hiki ni chombo cha kazi au ni ng'ombe aliyekataa kuamka?" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Nilifurahi sana kukuona unacheka, maana mimi katika ujana wangu nilipoanguka nilikuwa natafuta wa kumlaumu kabla vumbi halijatulia.

Kesho yake hukuiwasha. Nilikaa na chai yangu nikisubiri kusikia mngurumo, kumbe wewe unaisukuma tu injini ikiwa imezimwa. Kulia, kushoto, kinyumenyume. Ukawa unaiinamisha kidogo kidogo mpaka ukajua ni wapi inapoanza kukushinda nguvu. Watu waliokuwa wanapita kwenda mashambani wakakuuliza kama imeharibika, ukawajibu, "Hapana, tunasalimiana." Siku mbili nzima mlisalimiana. Mimi pikipiki yangu ya kwanza niliiwasha na kuondoka nayo, na vyeti vya mafunzo hayo viko kwenye magoti yangu yote mawili.

Kisha ukaanza barabara ya lami ya kwenda Urambo, nami nyuma yako na mkweche wangu wa pikipiki. Ulirudi unang'aa. Ukaniambia, "Baba, hii haitaki nguvu. Nikitazama shimo inaingia shimoni, nikitazama njia inafuata njia." Wiki iliyofuata ukahamia kwenye vumbi na changarawe, ukajifunza kuendesha umesimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, pikipiki inacheza chini yako wewe umetulia. Ukanionyesha kitufe cha breki: kwenye lami breki zinajiachia zenyewe tairi lisiteleze, ila ukiingia kwenye vumbi unaweza kuiambia breki ya nyuma isijitie ujuaji. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Sasa nikwambie nilichokuwa nacho moyoni wakati natikisa kichwa. Nilikuwa na wivu. Mimi ndiye niliyekupakia mbele, juu ya tangi, ukiwa huna hata meno ya mbele. Mimi ndiye niliyekufundisha klachi hapahapa uani, ukaniangushia uzio wa mama yako. Miaka yote ya kazi yangu ya ubwana mifugo nilizunguka Nzega na Igunga kwa pikipiki, na hapa nyumbani pikipiki ni neno langu mimi. Ghafla limekuja dude lina kioo kinachosema saa, joto na mafuta yaliyobaki. Siku uliponipa nijaribu, nilitafuta kiki ya kuwashia nikaikosa, ukaja ukabonyeza kitufe kwa kidole kimoja, kwa upole, kama unavyomsaidia mzee kuvuka barabara. Hukufanya ubaya wowote. Lakini niliona kwamba hakuna kitu kwenye pikipiki ile kinachonihitaji, na jambo hilo liliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Mzee Masanja. Hujawahi kuisikia, kwa sababu mimi ndiye ninayeaibika ndani yake.

Nilikuwa kijana, nina mwaka mmoja kazini. Nilitumwa kupeleka chanjo ya ng'ombe kijiji kimoja cha wafugaji upande wa Igunga. Kasha la barafu nimelifunga nyuma kwa mpira, shati limepigwa pasi, na matairi nimeyajaza upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Pikipiki zile za zamani, tairi likiwa laini ukigonga jiwe tyubu inabanwa na kupasuka, na ukipasua tyubu porini utasukuma mpaka uzeeke. Kwa hiyo tairi laini lilikuwa uzembe, na bwana mifugo hakutaka kuonekana mzembe. Nikakazana na tairi langu gumu mpaka kwenye mchanga wa kuingilia kijijini, watu wamekusanyika, ng'ombe wako tayari, na mbele ya kadamnasi yote nikaruka upande mmoja, pikipiki upande wake, na kasha likafunguka. Chupa za chanjo zikapasukia mchangani zote.

Bibi mmoja akaja akanisimamia kichwani akasema, "Bwana mifugo, ng'ombe wako kule. Mbona unaanza kuuchanja mchanga?" Unawajua Wasukuma kwa utani. Walicheka wee, kisha wakaninyanyua, wakanipa maziwa. Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kusimulia harusini.

Lakini nilirudi ofisini, na mkubwa wangu akaniuliza chanjo imekwendaje. Nikasema dume la Mzee Masanja lilikata kamba likanivamia. Kwa nini Masanja? Kwa sababu dume lake lilikuwa kubwa na lilikuwa la kwanza kuja kichwani. Neno dogo tu, la kuokoa shati langu. Likaandikwa, likatumwa kijijini, na mtendaji akamwita yule mzee akamwamuru dume lile lifungwe, lisionekane tena malishoni wala mnadani, kwa kuwa limemdhuru mtumishi wa serikali. Dume pole kuliko mbuzi wetu. Watoto walikuwa wanalipanda mgongoni.

Niliporudi na chanjo nyingine baada ya wiki kadhaa nilikuta limefungwa kwenye mti, limekonda, na shingo ina kidonda cha kamba. Mzee Masanja alinipokea vizuri kabisa. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, "Marahaba, bwana mifugo." Akanishika mkono akaukawiza mkononi mwake, kisha akasema, "Dume langu linakusalimia sana." Alijua, na kijiji kizima kilijua, maana wote walikuwapo. Walikuwa wananisubiri mimi niseme.

Nilisema, lakini si siku ile. Nililala na aibu hiyo miezi miwili ndipo nikaenda kwa mkubwa wangu nikamweleza ukweli. Alinikemea kidogo tu, kwa dakika tano hivi, akaandika barua dume lifunguliwe. Mateso yote yale ya mnyama, na ya mwenyewe, yalikuwa na thamani ya dakika tano za kukemewa. Nikajiapiza kwamba sitamfunga tena kiumbe kamba kwa kosa langu.

Mama yako amepita tena sasa hivi. Ameuliza, "Umefika wapi?" Nimemwambia nimefika Igunga. Amesema, "Basi geuza, uje Tura."

Haya. Tura.

Unakumbuka Ijumaa ile jioni, tulipopanga kwamba kesho yake twende Tura na kurudi, ili ujue pikipiki yako inavyokuwa safari ndefu. Ulisoma kile kitabu chake, ukatoa ile geji yako ndogo, ukapunguza upepo mbele na nyuma, ukasema kipande cha mwisho cha kuingia stesheni ya treni ni mchanga na tairi likilainika kidogo linalala juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ukaandika vipimo kwenye karatasi ukaibandika ndani ya kasha la vifaa. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Sikubisha.

Alfajiri niliamka kabla yenu. Nikaenda kuitazama, nikaliminya tairi la mbele kwa dole gumba, likabonyea. Mwanangu, mkono wangu ulikwenda kwenye pampu wenyewe. Nilijiambia mtoto huyu atapasua tyubu, kitabu kimeandikwa na watu wasioijua nchi yetu. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nimepata kitu kimoja cha kufanya kwenye pikipiki ile. Nilijaza la mbele na la nyuma, nikalipiga kofi kila moja likalia kama ngoma, nikasikia raha kweli.

Ulipotoka ukaniona nimeinama pale, ukauliza, "Baba, umegusa kitu?"

Nikasema, "Nimefuta vumbi tu."

Yaliyofuata unayajua, ila unayajua vibaya. Kwenye lami tulikwenda vizuri, nami nikajipongeza. Tulipoiacha lami na kuingia mchanga wa kwenda stesheni, mimi nikiwa mbele, nilikuona kwenye kioo changu umesimama juu ya vikanyagio, macho mbali, umefanya kila kitu kama inavyotakiwa. Na tairi lile la mbele, gumu kama nilivyoliacha, likachimba, likageuka, likakutupa. Nilipofika ulikuwa umekaa chini umeshika bega, kioo cha kushoto kimevunjika, na ulikuwa unaniuliza kwa macho umekosea wapi. Nami nikakujibu. Nikasema, "Umevuta mafuta nusunusu. Mchanga hautaki woga."

Hukuwa na woga, Kabula. Woga ulikuwa wangu.

Kisha nikazidisha. Tulipofika stesheni, wakati umekwenda kunawa na kunywa soda, nikaminya vali nikatoa upepo mpaka nilipoona panafanana na ulivyokuwa umepima wewe. Wakati wa kurudi ukapita mchanga ule ule bila kuyumba, bega likikuuma. Ulipofika lami ukasimama, ukavua helmeti, ukaniambia, "Asante, Baba. Nimefanya kama ulivyosema." Nilikubali shukrani ile. Nilisema, "Umeona sasa?" Sijawahi kula kitu kichungu kama chakula cha usiku ule, na mama yako alikuwa amepika kuku.

Jumanne ukatuambia umeomba nafasi kwenye behewa la mizigo, kwamba pikipiki itakwenda Uvinza, kwenye kazi yako mpya, kwa treni nawe utapanda treni hiyo hiyo, na ukifika utamwomba mkubwa wako akuache ofisini, pampu za maji za vijijini ashughulikie mwenzako. Ukasema, "Siku ile niliweza kwa sababu Baba alikuwa mbele. Huko nitakuwa peke yangu." Wewe, ambaye tangu ukiwa chuoni hukuwa na wimbo mwingine ila visima, na namna utakavyofika kwenye vijiji ambavyo fundi hajafika, na kina mama watakavyoipiga pampu maji yatoke. Nami sikukurekebisha. Na kwa kuwa leo nimeamua kusema, niseme yote: niliona nafuu. Nilifikiri, mtoto wangu atakaa kwenye kiti, chini ya dari, hatakuwa porini peke yake na kilo mia mbili za chuma. Nililala usingizi mzuri usiku huo. Nilikuwa nimekufunga kamba kwenye mti, halafu nikafurahi kwamba hutapotea.

Mama yako alikuwa ameniona na pampu tangu alfajiri ile, kupitia dirisha la jiko. Alininyamazia siku nne nzima. Juzi, tukiwa tunapukuchua mahindi, akasema bila kuinua macho, "Baba Kabula, utamwambia wewe, au nimwambie mimi?" Nikamwomba aniachie. Akasema, "Basi aondoke anajua. Asiondoke na uzito usio wake." Ndiyo maana ananitazama.

Basi siku ile ya Tura nilikufanya wewe kuwa dume la Masanja. Nilijiapiza, na nimerudia, na safari hii kiumbe chenyewe ni mwanangu. Nisamehe. Sisemi nisamehe kwa kuwa mimi ni baba yako na mzee hakosewi. Nakuomba kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima mwenzake. Ulikuwa sahihi kuhusu upepo, ulikuwa sahihi kuhusu mchanga, uliendesha vizuri kwenda na kurudi. Kwenda ulishindwa na mkono wangu. Kurudi uliweza kwa kipimo chako mwenyewe, na mimi kuwa mbele yako hakukuongeza kitu isipokuwa vumbi la kuvuta.

Sasa kuhusu kesho. Nafasi yako kwenye treni ipo, na ukiamua kupanda treni panda kwa moyo mweupe. Sitakusukuma barabarani ili mimi nijisikie nimesafishwa. Lakini ukiamua kuendesha, liko jambo moja la ukoo ambalo ningependa ulishike. Unajua babu yangu alikuwa mtoto wa mpagazi, aliyebeba mizigo kati ya hapa Unyanyembe na Ujiji, njia hii hii ya kwako ya Urambo na Malagarasi. Babu alikuwa akisimulia kwamba siku ya kwanza ya msafara ilikuwa fupi makusudi. Walitoka kwa ngoma na vigelegele, wakatembea kidogo tu, wakapiga kambi karibu na nyumbani. Mgeni angedhani ni wavivu. Ilikuwa ni kwa ajili ya aliyesahau kitu arudi kukichukua, na kwa aliyeacha neno bila kulisema arudi alisema, maana siku ya pili hakukuwa na kurudi. Ndiyo maana ulipokwenda chuo tulikulaza kwanza kwa baba yako mdogo mjini, kilomita chache tu kutoka hapa, ukanuna. Ulidhani ni kuchelewesha watu.

Kwa hiyo kesho usiende mbio kumaliza njia. Lala Urambo kwa Shangazi Tatu. Anajua unaweza kupita, nimempigia simu, na jibu lake ni kwamba wali ameshaanza kuupika, jambo ambalo siliamini ila namfahamu. Ukiona umesahau kitu, rudi, ni karibu. Ukiona una neno la kuniambia, la hasira au la namna yoyote, rudi uniambie usoni, au piga simu, nitakaa nayo mfukoni. Mimi langu nimelisema kabla hujatoka. Nimechelewa, lakini bado uko hapa nyumbani.

Nilikuwa nimepanga kukusindikiza na mkweche wangu hadi Kaliua. Sitakuja. Nitasimama langoni na mama yako, nikupungie mkono, kisha nirudi kunywa chai. Usidhani ni kwa sababu sina hamu. Nina hamu sana. Nimeiona njia ile mara nyingi na bado ningependa kuiona wewe ukiwa mbele yangu. Ila nataka ukifika mchanga wa kwanza ujue kwamba hakuna mtu mbele wala nyuma, na uvuke.

Mimi ni mtu mwenye furaha jioni hii, mwanangu, ingawa kila nikifikiria uso wako ukisoma ule ukurasa wa Tura naiweka kalamu chini. Nimezeeka nikiwa na mke anayeniambia ukweli, na binti anayejua kusalimiana na chombo kabla ya kukipanda. Mzee Masanja alifariki zamani. Ningependa angekuona.

Barua nimeiweka chini ya helmeti, ufunguo uko juu ya barua. Kioo cha kushoto nimekifunga kipya, fundi wa mjini alinisaidia kukipata, na nimekuandikia hapa ili usije ukauliza kama nimegusa kitu. Nimefuta vumbi pia, safari hii kweli. Geji yako na pampu viko ndani ya kasha, karibu na karatasi yako ya vipimo.

Matairi sijayagusa.

Baba yako